Kabla Hujafagia Ghala, Uliza Nani Ameazima

Mtu akikwambia, "Futa tu, ninacho kwangu," mwambie akuonyeshe. Asipokuonyesha, mkono wako uusogeze mbali na kitufe. Waliolipuuza neno hili wapo, na mmoja wao ni mtoto wa kumzaa mwenyewe Mama Vidole, aliyesomeshwa mpaka akavimaliza vitabu vya watu.

Mama Vidole hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa ofisini kwa binti yake, vyumba viwili juu ya duka la rangi za nyumba, mahali ambapo ukipanda ngazi unafika juu umeshalewa harufu. Binti huyo, kifungua mimba wake, wenzake walimwita Fundi. Alikuwa anatengeneza programu ya kompyuta kwa ajili ya watoto wasiosikia: mtoto anabonyeza neno, mikono inatokea kwenye kioo na kumwonyesha ishara ya neno lile. Na mikono ilikuwa ya nani? Ya mama mtu. Majuma kumi na moja alisimama mbele ya kitambaa cheusi, kamera imemkodolea, mpaka zikatimia ishara mia mbili thelathini na sita. Ishara zenyewe hakufundishwa na mwalimu yeyote. Alifundishwa na kitinda mimba wake, msichana wa miaka tisa waliyemwita Kitinda, ambaye masikio yake yaliondoka na homa angali mchanga.

Siku ninayoisimulia ilianza kwa shangwe. Saa nane mchana darasa zima la Kitinda, watoto kumi na wanne, wangekuja kuijaribu programu, na mwalimu mkuu angekuja nao. Mwanamke yule hana maneno mengi. Alishasema: "Nikiiona inafanya kazi leo, inaingia darasani. Nisipoiona, tutazungumza mwaka ujao." Sasa mwambie mtoto wa miaka tisa angoje mwaka ujao! Kitinda alikuwa ameshawatangazia wenzake wote kwamba mama yake yumo ndani ya kompyuta. Asubuhi ile alivaa sare kabla hata chai haijachemka, na kiatu cha kushoto akakivaa kulia kwa furaha.

Mama Vidole alipofika ofisini saa tatu na nusu, alimkuta Fundi ameinama chini ya meza, kichwa karibu na ile kompyuta waliyoiita mashine kubwa. Ilikuwa inavuma kama nyuki waliochokozwa.

"Shikamoo mama. Imejaa pomoni," alisema Fundi bila kuinuka. "Haina hata pa kuwekea unyoya. Ikibaki hivi, watoto wakija itaganda."

"Marahaba. Basi ipunguze."

"Ndiyo ninavyofanya."

Kazi yao yote ilikaa ndani ya mashine ile, kwenye kitu walichokiita ghala. Alivyoelewa Mama Vidole, ghala ni daftari lisilosahau: ukibadilisha kitu, linaweka kipya na cha zamani linakitunza. Kazi zimepangwa kwa matawi. Ukilikata tawi, majani yake hayafi siku hiyohiyo. Yanakaa chini majuma mawili, pengine atatokea wa kuyaulizia, ndipo yanafagiliwa. Majuma mawili. Mliosoma ndio mliopanga hivyo, na mlipanga vizuri.

"Kasi!" Fundi aliita. "Lile tawi la mikono unalihitaji huku kwangu?"

Kasi alikuwa mwenzake wa kazi, mwanamume wa ndevu, baba wa mapacha. Waliompa jina hilo walisema hajawahi kushuka ngazi moja moja.

"Lile zito? Kata!" alijibu kutoka chumba cha pili. "Ninalo kwangu, naendelea kulipanga."

"Lote?"

"Dada, ninalo. Unataka niape?"

Fundi akalikata. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Majuma mawili siwezi kungoja. Nitaiambia ifagie sasa hivi."

Hapo Mama Vidole akainama naye chini ya meza.

"Ifagie nini?"

"Vitu visivyo na mwenyewe, mama."

"Nani kasema havina mwenyewe?"

"Ghala lenyewe."

"Ghala lina mdomo?" Kasi akacheka kule aliko. Mama Vidole hakucheka. "Na vikishafagiliwa vinakwenda wapi?"

"Haviendi popote. Vinakwisha."

Basi mjue walikuwa wanazungumza na nani. Huyu ni mwanamke ambaye hatupi kiberiti kabla hajakitikisa sikioni mara tatu. Kwake nyumbani taka hukaa nyuma ya mlango siku tatu, na kila mtu anaulizwa: hiki chako? hiki chako? Kadi ya kliniki ya Kitinda iliwahi kuokotwa humo, imejificha ndani ya gazeti, siku moja tu kabla ya kuonana na daktari wa masikio.

"Mwanangu," alisema, "mimi niliishia shule ya msingi. Ya kompyuta siyajui. Lakini taka nazijua. Weka pembeni kwanza."

"Mama, mashine imejaa, pembeni ipo wapi?"

"Hata kwa jirani! Kwani lazima iwe humo humo?"

Fundi akakuna kichwa. "Ipo njia," alikubali. "Naweza kuiambia ikifagia isimwage. Inavifunga mzigo mmoja, mzigo unakwenda kwenye diski nyingine."

"Haya. Sasa unasema."

Fundi alichomeka diski ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, akaandika mstari mmoja mrefu, akabonyeza. Mashine ikavuma, ikavuma, kisha ikapoa. Nafasi ikapatikana, nusu nzima.

"Umefurahi, Mama Vidole?"

"Nimeridhika. Furaha ni saa nane."

Fundi na Kasi wakaenda chumba cha pili kupanga viti. Mama Vidole akabaki na diski peke yake. Ilikuwa na taa ya bluu inapepesa. Akaitazama, akaitazama mashine kubwa, zimekaa meza moja, waya mmoja. Moyo ukamwambia: akiba gani hii inayolala kitanda kimoja na mali yenyewe? Moto ukiingia si unakula zote? Hakutaka kuuliza, maana alishachekwa mara moja, na ya pili inauma zaidi. Akaichomoa. Akaifunga ndani ya mtandio wake, akaitia kwenye pochi, akashuka zake ngazi kwenda shuleni kumchukua Kitinda, ambaye alikuwa ameombewa ruhusa aje mapema.

Nia njema, mkono wa pupa. Taa ile, ndugu zangu, ilikuwa bado inapepesa.

Alikuwa langoni mwa shule, amemshika Kitinda mkono, simu ilipolia.

"Mama, uko wapi?" Sauti ya Fundi ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Shuleni. Nimempata mdogo wako, viatu amebadilisha."

"Ile diski ndogo hapa mezani, umeiona?"

"Ninayo."

Mama Vidole akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Unayo wapi, mama?"

"Kwenye pochi, chini ya kitana."

"Mama nisikilize. Usikimbie nayo vibaya, usiiangushe, usiikalie! Njoo sasa hivi. Mikono yako yote imepotea."

Mama Vidole akaitazama mikono yake. Ilikuwepo, yote miwili, mmoja umeshika simu na mwingine mtoto. Ndipo akaelewa.

Kumbe Kasi hakuwa anasema uongo, alikuwa anaamini. Kompyuta yake, ili asibebe mzigo mzito mara mbili, alikuwa ameipanga iwe inaazima kutoka mashine kubwa. Alichokuwa nacho kwake ni majina ya ishara, yamepangwa vizuri kama makopo rafuni, lakini ndani ya makopo hamna kitu. Vilivyomo vilikuwa kwa Fundi. Ghala la Fundi nalo halikujua kuna mtu ameazima. Liliona tawi limekatwa, likaona vitu havina mwenyewe, likafagia. Kasi alipokuja kufungua ishara ya kwanza, kioo kikawa cheusi. Ya pili, cheusi. Na kadi ya kamera walikuwa wameshaifuta juma lililopita, kwa sababu hiyohiyo, nafasi.

Saa nne na nusu. Watoto wanakuja saa nane.

Mama Vidole alikimbia. Mwanamke wa umri wake, kandambili mguuni, pochi ameikumbatia kifuani kama aliyeiba kuku, na mkono wa pili unamvuta mtoto. Mwendesha baiskeli mmoja akampisha na kupiga kelele, "Mama, umemwibia nani?"

"Nimejiibia mwenyewe! Nipishe!"

Kitinda alimvuta nguo. *Kuna nini?* aliuliza kwa vidole.

Ishara ya "hakuna kitu" inataka mikono miwili, na Mama Vidole alikuwa na mmoja. Akajaribu nusu. Kitinda akasimama katikati ya njia, akamkazia macho. *Mkono wako unasema hakuna,* alisema, *uso wako unasema kuna.*

Mtoto huyo humdanganyi. Mama akaibana pochi kwapani, akamwambia kweli yote palepale, watu wakiwapita: nilichomoa kitu, ishara zetu zimo ndani yake, sijui kama ni nzima. Kitinda hakulia. Alimshika mama yake mkono, na sasa akawa yeye ndiye anayevuta.

Kasi alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono kichwani.

"Mama, niue," alisema.

"Nikikuua nani atachomeka waya? Inuka, baba, nipishe."

Walipoingia, Kasi akarudiwa na jina lake. Aliipokea diski kwa mikono miwili, akaiendea mashine kubwa moja kwa moja, tayari kuumwaga mzigo wote ghalani. Fundi akamdaka mkono.

"Usiguse!"

"Dada, saa zinakwenda!"

"Ziende. Huu ndio mzigo pekee uliobaki duniani. Ukiumwaga ukaharibikia njiani tutakuwa hatuna hata cha kulilia. Nakala kwanza."

"Nakala kwanza!" alipaza sauti Mama Vidole, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Wakachomeka diski kwenye kompyuta ya mapajani iliyokuwa na nafasi, wakanakili mzigo wote kama ulivyo, bila kuufungua. Diski yenyewe ikachomolewa taratibu, ikafungiwa kwenye droo, ufunguo akapewa Kitinda aukalie. Sasa ndipo Fundi akaifungua ile nakala. Akageuka.

"Mama. Ulipoichomoa, taa ilikuwa imetulia?"

Angeweza kusema ndiyo. Watu wazima tuna ulimi mwepesi.

"Ilikuwa inapepesa."

"Sana?"

"Kama jicho lililoingiwa na mdudu."

Fundi akavuta pumzi. Mzigo, alieleza, umekatika mkia. Sehemu ya mwisho haikuwahi kuandikwa. Hauwezi kurudi mzima mzima. Lakini kila kitu ghalani kina jina linalotoka kwenye yaliyomo ndani yake, kwa hiyo kikichubuka hata kidogo jina halilingani, unajua hiki kibovu, kiache. Vizima unaweza kuviokota kimoja kimoja. Akatengeneza ghala jipya tupu pembeni, la kuokotea tu, akaandika, akabonyeza.

Namba zikaanza kupanda kwenye kioo.

"Arobaini," alisema Kasi.

"Usihesabu kwa sauti, unazitisha," alisema Mama Vidole.

"Mia moja na kumi na nane!"

"Kasi!"

"Mia mbili! Mama Vidole, mia mbili!"

Kitinda hakuwa anasikia kitu, ila aliziona namba, na alikuwa anarukaruka na ufunguo wake mpaka vikombe vikalia mezani. Mia mbili na kumi. Mia mbili ishirini. Mia mbili ishirini na tisa. Zikasimama. Wakangoja. Zikabaki palepale.

"Saba," alisema Fundi. "Saba zimekwenda na mkia."

Kasi alimkumbatia Mama Vidole, akamnyanyua kutoka sakafuni. "Saba tu! Saba ni nini kwetu?"

"Niteremshe, nina mgongo! Zipi?"

Fundi akasoma: mvua, kesho, samahani, jino, ngazi, kunong'ona, mwalimu mkuu.

Saa sita ilikuwa imeshapita. Kitambaa cheusi kikatundikwa, taa zikawashwa, Mama Vidole akajitengeneza nguo na kusimama. Akaanza na mvua, vidole vikienda mbio kupita kiasi.

"Mama, hiyo siyo mvua," alisema Kasi nyuma ya kamera. "Hayo ni mafuriko."

"Nyamaza wewe, usiyejua makopo yako yana nini!"

Kasi akainamia kamera yake. Wakarudia mvua, ikakaa. Kesho ikakaa. Samahani aliipiga mara moja tu, akiwa anamtazama Fundi, na Fundi akaipokea kwa kichwa. Jino, ngazi, kunong'ona. Kila moja ilipokamilika, Fundi aliitia ghalani papo hapo, akaifunga kwenye tawi lenye jina, kisha akaipeleka nakala kwenye diski ya pili. Hakuna aliyemlalamikia kuhusu muda.

Ikabaki ya saba. Mama Vidole akainua mikono, ikabaki hewani. Akaishusha. Akainua tena.

"Imenitoka."

"Mama, saa nane kasoro robo!"

"Najua ni saa ngapi! Imenitoka, hofu imeila. Ni ile ya... kuna kidevu... au bega?"

Kitinda akamsukuma kando kwa kiuno. Akasimama yeye mbele ya kitambaa, akajinyoosha sare, akamwashiria Kasi awashe. Kisha akashika miwani isiyokuwepo usoni pake, akaiteremsha polepole mpaka ncha ya pua, na kuinua kidevu juu kama anayetafuta mtoto mtundu kwenye safu ya nyuma.

"Yes!" alisema Kasi. "Nzuri sana!"

"Siyo nzuri!" Mama Vidole alikuwa amejishika mdomo. "Hiyo siyo yenyewe! Hiyo ni ya kwao wenyewe watoto, wanamwita hivyo akigeuka! Ile ya heshima ni nyingine. Futa!"

"Sifuti kitu leo," alisema Fundi, akaitia ghalani.

Na hapo ngazi zikaanza kulia. Miguu ya watoto kumi na watatu, na nyuma yao viatu vya mtu mzima, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

Watoto waliingia kama maji. Wale wanapotaka kuitana hupiga sakafu kwa mguu, mwenzao anahisi, anageuka. Basi sakafu ilipigwa mpaka mwenye duka la rangi akapanda kuuliza kama jengo linabomolewa. Alipoona, akabaki mlangoni, mikono kiunoni, anatabasamu. Kitinda alibonyeza neno la kwanza: maji. Mikono ya mama yake ikatokea kwenye kioo, mikubwa, safi. Watoto wakamgeukia Mama Vidole, wakatazama mikono yake halisi, wakarudi kwenye kioo, wakainua zao hewani na kuitikisa, ndiyo makofi yao. Kila mtu akataka kubonyeza. Mvua! Jino! Mmoja aliyetoka kung'oka jino alilibonyeza mara sita, akiwaonyesha wote pengo.

Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma, miguu pamoja, hasemi. Mama Vidole alimchungulia kwa jicho la pembeni na hakuona kitu cha kumpa moyo. Kisha mwalimu mkuu akanyanyuka, watoto wakampisha.

"Na mimi nimo humu?" aliuliza kwa mdomo na kwa mikono pamoja.

Kasi akaanza kuutazama waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Mwalimu mkuu akatafuta kwenye orodha kwa kidole, akapata, akabonyeza.

Akatokea Kitinda, miwani ikishuka, kidevu juu.

Mwalimu mkuu aliinama karibu na kioo, na ili aone vizuri zaidi, akashika miwani yake akaiteremsha polepole mpaka ncha ya pua, na kuinua kidevu.

Watoto wakaanguka. Walicheka kile kicheko chao kisichopimwa, wanashikana mabega, mmoja amelala sakafuni kabisa. Mwenye duka la rangi alikuwa anafuta machozi. Mwalimu mkuu alisimama pale na miwani yake puani, akatazama kioo, akatazama watoto, na ilimchukua muda.

*Ndivyo mnavyoniita?* aliuliza kwa mikono.

Kitinda akakubali kwa kichwa.

*Tangu lini?*

*Tangu darasa la kwanza.*

Mwalimu mkuu akabonyeza tena. Akaitazama mpaka mwisho, na safari hii mdomo wake ukamshinda, ukacheka. Ndipo akamgeukia Fundi.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi, nataka iwe darasani kwangu," alisema. "Na hiyo yangu, mtu asije akaifuta."

Mama Vidole alifungua kinywa kupiga vigelegele, akakumbuka kwamba anayemtaka avisikie hatavisikia. Akainua mikono yake yote miwili juu kabisa, akaitikisa, akaitikisa, mpaka Kitinda akamwona kutoka upande wa pili wa chumba.